Joho Nililomvisha Saikal

Juni 3

Sagyn, usinifundishe kazi. Unanipigia simu kutoka huko Urusi mara moja kwa mwezi, unauliza "Mama, hujambo?", nasema sijambo, halafu unalalamika kwamba sikuambii kitu. Nikuambie nini kwa dakika mbili, na mashine zako zinanguruma nyuma kama ng'ombe mwenye tumbo? Huku malishoni simu haishiki mpaka tushuke Septemba, kwa hiyo nimenunua daftari. Nitaandika. Utalisoma lote, hata pale ninapokusema vibaya, na usimpe mkeo akusomee halafu akupe kwa kifupi. Niliishia darasa la saba, mwandiko wangu ndio huu. Ukikushinda, vaa miwani.

Tulipanda jana. Yurta, hema letu, imesimama. Paa linavujia pale pale linapovujia kila mwaka, kwa sababu uliahidi sufu mpya ya kulifunika na sufu yenyewe bado iko mdomoni mwako. Mbwa wamekuja kwa miguu. Moinok alichelewa, alisimama penye kila mzoga njiani. Aktosh alitangulia mbele ya farasi wangu mwanzo mpaka mwisho, na ana miaka kumi na moja na nyonga zinamuuma. Mbwa wa asili njema hana haja ya kuhimizwa. Afadhali na wewe ungekuwa hivyo.

Juni 6

Mvua.

Juni 9

Mvua. Moinok amekula kuruti zote nilizoanika, kazi ya siku nne, maziwa niliyoyakamua, kuyagandisha na kuyafinyanga vidonge kwa mikono yangu. Nimempiga kwa mwiko. Mwiko umevunjika, Moinok hajambo.

Juni 14

Nina mgeni! Saikal.

Humkumbuki, uliacha kumwona ukiwa mdogo. Tulikuwa wakamuaji pamoja kwenye shamba la ushirika, mimi na yeye, ng'ombe kumi na nane kila mmoja, kabla mumewe hajamhamishia huko bondeni kwenye mashamba ya viazisukari. Tangu hapo tumeonana kwenye misiba tu, naye mumewe tulimzika miaka miwili iliyopita. Leo lori la jirani yetu Turdu limepanda na unga, na juu ya magunia ya unga amekaa yeye, na kifurushi kimoja kilichofungwa kwa kitambaa chekundu.

Moinok alimtokea kama jiwe linaloporomoka mlimani. Mimi nilikuwa kwa majike ya farasi, mbali, napiga kelele. Mtu wa mjini angekimbia akararuliwa. Saikal alikaa chini. Akakaa tu kwenye matope, mikono mapajani, akatazama pembeni, kama tulivyofundishwa utotoni. Moinok akasimama, akaona aibu, akajifanya ananusa majani. Halafu Aktosh akatoka kivulini, akaenda polepole, akamnusa kiganja, akamwegemea kwa ubavu. Aktosh! Hata wewe hakukuegemea mpaka mwaka wa pili.

"Batma wee, umekuwa kibibi!" akaniambia akiwa bado amekaa matopeni.

"Na wewe umekuwa nini, mwari?"

"Mimi nimekuwa mfupi. Niinue."

Tulicheka mpaka Janyl, mke wa Turdu, akatoka kwenye yurta yao kutazama kuna nini.

Sikumuuliza amekuja kwa jambo gani wala ataondoka lini. Mgeni haulizwi hayo, hata akikaa mpaka theluji imzibe mlangoni.

Juni 15

Tumekunywa chai mara tisa. Koo linaniuma kwa kusema.

Juni 21

Saikal anakamua majike vizuri kuliko mimi. Nimeshindwa kukaa kimya, nimemwambia anamvuta mnyama vibaya. Akasema, "Ndiyo, shoga," akaendelea vile vile, na ndoo ikajaa.

Kila asubuhi anakunja matandiko yake, anafunga kifurushi chake kwa kile kitambaa, anakiweka karibu na mlango. Jioni anakifungua. Nimemwambia kuna sanduku, aweke nguo zake humo. Akasema asante. Kesho yake kifurushi kipo mlangoni.

Juni 27

Tumegombana, na mwenye haki ni mimi.

Mbwa wana sinia lao nje, la bati, wanapewa makapi ya maziwa na uji wa pumba, na mifupa tukichinja. Ndivyo alivyofanya mama yangu. Leo naingia namkuta Saikal anampa Aktosh mkate uliolowekwa kwenye chai, kwa bakuli. Bakuli la kunywea!

"Saikal, hilo ni bakuli la watu."

"Nitaliosha mara saba."

"Hata ukiliosha mara sabini. Unamharibu. Kesho atataka kijiko."

"Meno yamemtoka, Batma. Hujaona? Mifupa anailamba tu, halafu Moinok anamnyang'anya."

Sikuwa nimeona. Nimeishi na mbwa huyu miaka kumi na moja, nimeambiwa na mgeni wa wiki mbili kwamba hana meno. Nilikasirika zaidi. Nilimwambia mtu ambaye hakufuga hata kuku asinifundishe mbwa wangu. Akatoka nje na bakuli, na Aktosh akamfuata.

Bakuli nimelitenga. Sasa ni la Aktosh. Lakini sikumwambia Saikal kwamba ana haki.

Julai 2

Mvua ya mawe. Wana-kondoo wawili wamekufa.

Julai 8

Kila siku baada ya ukamuaji wa adhuhuri Saikal anakwenda mtoni, na Aktosh nyuma yake, na sasa hata Moinok, yule mwizi, anawasindikiza mpaka kwenye jiwe kubwa halafu anarudi kulinda kondoo. Nawaona kutoka hapa. Saikal anasema, anasema, mikono inakwenda juu na chini. Mbwa anasikiliza. Wakirudi kwangu amekuwa bubu: ndiyo shoga, asante shoga, inatosha shoga.

Nimemuuliza, "Unamwambia nini yule mbwa?"

"Mambo ya kizee."

"Na mimi si mzee?"

"Wewe unajibu," akasema.

Julai 11

Aktosh alikuwa analala upande wa mlango, kwangu. Jana amehamia miguuni kwa Saikal. Nimemwita. Amepiga mkia mara moja, kwa adabu, hakuja.

Julai 19

Sijui nimpendeze vipi mwanamke huyu. Nimekaanga borsoki, maandazi yetu madogo, amekula tatu tu. Nimempa mto mzuri, anaulalia ule wa zamani. Anauliza habari zako tu: unakula nini huko, umepata koti, kichwa bado kinakuuma ukilala vibaya? Nikamwambia, "Nitakupa namba, muulize mwenyewe." Akatikisa kichwa kama aliyeunguzwa.

Kifurushi kipo mlangoni. Siku ya thelathini na tano kipo mlangoni.

Julai 28

Janyl amekuja kuazima chumvi, na Janyl akiazima chumvi jua kuna neno.

"Mama Batma, usinikasirikie."

"Sema, nitakasirika baadaye."

"Huyu mgeni wako, mwenzangu, si anataka kwenda? Kila asubuhi amefunga mzigo. Juzi nimemkuta anatazama lori la Turdu kwa macho yale. Anaona haya. Hujamchinjia, hujamvisha. Ataondokaje mikono mitupu, mtu mzima, kama aliyefukuzwa?"

Nilimwambia chukua chumvi yako uende. Lakini usingizi haukuja. Kweli, Sagyn, mgeni wa heshima haondoki mpaka mwenyeji amchinjie kondoo wa kuagana, amvishe joho mbele ya watu, wafungue viganja waombe dua. Hilo ndilo linalompa ruhusa. Kumbe mwezi na nusu nimemweka mwenzangu kama mateka, naye amefunga mzigo ananionyesha kila siku, nami kipofu!

Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Naandika ili ujue nilivyofikiri.

Agosti 1

Nimetoa sandukuni lile joho la mahameli ya buluu nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya mama mkwe wa binti yako atakapoolewa. Mtampa jingine.

Agosti 2

Turdu amechinja kondoo mwenye mafuta kuliko wote. Nimealika yurta zote tatu za bonde hili. Saikal alikuwa anachota maji. Alipoona ngozi imetandazwa juani na sufuria kubwa juu ya moto, akasimama na ndoo zake.

"Kuna nini, Batma? Sagyn anakuja?"

"Sagyn aje kutoka wapi! Kondoo ni wako."

Akaziweka ndoo chini taratibu. Nilidhani ni furaha imemziba.

Nimemkalisha mahali pa juu kabisa, mkabala na mlango. Nimempa kipande cha nyonga chenye mkia wa mafuta, kama anavyopewa mama mkubwa. Hakula, alikata vipande vidogo vidogo akavipanga mbele yake. Kisha nikasimama na joho. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri, yakatoka maneno ya desturi: umetuheshimu, tumekuchosha, tusamehe upungufu wetu, njia yako iwe nyeupe. Nikamvisha. Mikono yake ilikuwa mizito kama ya mtoto asiyetaka kuvaa. Wanawake wakasema limempendeza. Tukafungua viganja. Aliposhusha mikono yake usoni aliiacha pale kidogo, muda mrefu kuliko dua.

"Asante, Batma," akasema. "Umeniaga vizuri. Hakuna atakayesema hukuniaga."

Agosti 3

Ameondoka na lori la asubuhi. Kitambaa chekundu, kifurushi kile kile, joho juu ya mabega. Akaniambia anakwenda kwa watu wa mumewe. Nikamwambia mwakani uje mapema, wakati wa wana-kondoo. Akanibusu shavu.

Aktosh alikuwa amelala kwenye jua. Lori lilipozunguka kona aliinuka na kukimbia. Hajakimbia hivyo miaka minne. Nilimwita mpaka sauti ikakatika. Moinok alikwenda naye mpaka kwenye jiwe kubwa, akarudi, akakaa karibu nami, akatazama njia.

Agosti 4

Aktosh hajarudi.

Agosti 5

Hajarudi. Nimepanda farasi mpaka daraja la kwanza. Vumbi tu.

Agosti 6

Amerudi adhuhuri, anatembea kwa miguu mitatu. Nyayo zimechunika mpaka nyama. Amepita karibu nami kama hanijui, ameingia ndani, amelala pale Saikal alipokuwa anatandika. Pale sasa ni mkeka mtupu.

Nimemwosha miguu kwa maji ya chumvi na kumpaka mafuta ya mkia wa kondoo. Yule yule wa kuagana.

Agosti 9

Nimelowesha mkate kwenye chai, kwa bakuli lake. Amelamba kidogo.

Agosti 12

Mguu wa mbele umevimba na unanuka. Turdu amesema ampige risasi apumzike. Nimemwambia nitampiga yeye kwanza.

Agosti 16

Aktosh amekufa. Usiseme amekufa kwa huzuni, hayo ni ya filamu. Amekufa kwa uzee na kwa miguu. Lakini alikimbia kwa miguu hiyo, na aliyelitoa lori hapa na mtu juu yake ni mimi.

Nimemzika mwenyewe, juu, mahali pa mawe, asichimbuliwe. Moinok ameacha mfupa wake karibu. Jioni ameurudia akaula. Ni Moinok.

Na hapa nitaandika jambo moja halafu nifunge daftari siku kadhaa. Yule kondoo, nusu alikuwa heshima. Nusu nyingine nilichoka kumwona mbwa wangu akilala miguuni kwa mtu mwingine. Sikulijua hilo wakati namvisha. Au nililijua.

Septemba 7

Tumeshuka kijijini. Umenipigia simu ukauliza kama sijambo. Nikasema sijambo. Ona.

Septemba 9

Turdu amekuja, kofia mkononi. Turdu hajawahi kuvua kofia kwangu.

"Mama, nimekula kiapo cha mtu, lakini kinanikaba."

"Kitapike."

"Bibi Saikal sikumpeleka kwa watu wa mumewe. Hana watu. Mpwa wa mumewe ameichukua nyumba tangu majira ya kuchipua, ameweka mke humo. Aliniambia nimpeleke kule bondeni, karibu na reli, kwenye nyumba ya wazee wasio na mtu. Akaniapisha nisikuambie. Alikuwa anasema, 'Nilidhani Batma ataniambia nikae. Nilifunga mzigo kila asubuhi ili asione kama nimejikaribisha mwenyewe. Nilikuwa nangoja aufungue.'"

Nilimwambia aondoke. Nikakaa. Chai ikapoa, ikaganda mafuta juu.

Siku hamsini, Sagyn. Alikuwa anauweka mlangoni ili nimwambie, "Toa takataka hii hapa, inanizuia njia." Neno moja la ukali, mimi ninayetukana watu bure, na hilo moja nikalibana kwa adabu.

Septemba 12

Nimekwenda. Turdu amenipeleka.

Chumba cha vitanda vinne. Kinanuka kabichi. Vikongwe watatu waligeuka wote kwa pamoja nilipofungua mlango, wakatazama kama ni mtu wao, wakageukia ukuta tena. Hata sasa nawaona walivyogeuka. Saikal amekaa kwenye kitanda cha dirishani. Joho liko kwenye msumari juu yake, halijavaliwa. Kifurushi kimefungwa.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Mzigo umeshafunga, inuka twende."

"Twende wapi?"

"Kwangu. Wapi tena?"

"Kwako nimeshaagwa, Batma. Ulinichinjia, ulinivisha, bonde zima likaomba dua. Nikirudi nitasema nimesahau nini?"

"Nilikosea! Nilidhani unataka kwenda!"

"Najua," akasema taratibu. "Nimekaa hapa nikafikiri, nikajua. Sina kinyongo. Lakini sitaki kuwa mgeni mara ya pili. Mgeni anachoka, shoga. Hujui mgeni anavyochoka. Hata kukohoa anaomba ruhusa."

Mmoja wa wale vikongwe alijifanya anakoroma ili asikie vizuri.

"Aktosh hajambo?" akauliza.

Mimi sidanganyi, unanijua. "Amekufa."

"Lini?"

"Agosti kumi na sita. Alilifuata lori."

Akautazama mkono wake, ule ule aliounusa Aktosh siku ya kwanza. Akaugeuza juu, akaugeuza chini.

"Basi huko hakuna anayeningoja," akasema.

Sagyn, nilifungua mdomo. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza analiandika. Mimi. Mimi nakungoja. Lilikuja mpaka kwenye meno. Nikasema, "Kula borsoki nilizokuletea, zitakauka."

Akala moja. Nikaondoka.

Septemba 13

Nimekaa na daftari tangu alfajiri, na sasa nitakuambia nisichokuambia miaka arobaini na tatu. Kaa chini kama umesimama.

Ulipozaliwa nilishikwa na homa, maziwa yakakauka siku ya tatu. Wiki hiyo hiyo Saikal alimzika mtoto wake wa kike. Bibi yako, mama wa baba yako, alikuwa mtu wa kusema mke asiye na maziwa arudishwe kwao, na angesema. Saikal alikuja kila asubuhi na jioni, anajidai kuazima chachu ya mkate. Akakaa nyuma ya pazia langu akakunyonyesha. Miezi minane. Umekua kwa maziwa yake. Hakupata mtoto mwingine.

Kisha ukaanza kumlilia yeye ukiwa mikononi mwangu. Ukanyoosha mikono kwake. Nikamwambia, "Inatosha, usije tena, na naomba uape kwamba hutamwambia mtu." Akaapa. Kesho yake alisimama nje ya ua, ukalia ndani, nami sikufungua. Miezi michache baadaye mumewe akamhamisha.

Ameshika kiapo hicho mpaka leo. Amekaa kwangu siku hamsini akiuliza kama kichwa kinakuuma, na hakuvunja. Mara ya kwanza nilimfukuza kwa ajili yako, mara ya pili kwa ajili ya mbwa. Ni kosa lile lile. Mimi ni mtu yule yule.

Kwangu hatakuja, na ana haki. Kwangu atakuwa mgeni daima. Lakini wewe huna haja ya kumkaribisha. Wewe ni mtoto wake wa maziwa, kwa dini na kwa desturi, na mama hakaribishwi, mama anachukuliwa akakae kwa mwanawe.

Turdu anakwenda mjini Jumatatu, daftari hili atalitia kwenye basi la Urusi mkononi mwa dereva. Ukifika ukurasa huu usinipigie simu, nitasema sijambo. Omba ruhusa kazini, wakikunyima acha kazi. Usipitie kwangu kwanza. Shuka pale penye reli, uliza chumba cha vitanda vinne, cha mwisho upande wa kushoto. Usimwambie "karibu". Usiombe, usieleze, usinitaje. Beba kifurushi chake kwenye bega lako, simama mlangoni, na umwite Mama, kwa sauti kubwa, wale watatu wengine wasikie.